Mimi, Mama Mkwe na Mchezo wa Mrusi

Mimi nimepakia miwa. Siongei ile miwa ya kutafuna ukitembea njia. Naongea ile ya kutupa kwa trela mzigo juu ya mzigo, mpaka bega yangu ya kulia ikashuka chini ya ile ya kushoto, na sasa nikitembea moja kwa moja watu wanafikiri nataka kukata kona. Miwa yenye nimepakia ukiipanga mstari moja itafika Kampala, izunguke ziwa, irudi Kakamega kabla chakula ya saa saba haijaiva. Lakini nakuambia ukweli, na mimi ukweli nauchunganga sana ndio maana siutumii kila siku: hakuna kazi ilinichosha kwa hii dunia kama kukaa kwa kiti, mbele ya kikombe ya chai, na kusema neno moja. Hilo neno lilikuwa "nimechoka." Kazi hiyo nilipewa na bibi yangu, na yeye alipewa na Mrusi.

Mrusi mwenyewe alikufa kitambo. Bibi aliniambia alikuwa daktari, na alikuwa mgonjwa wa kifua, na katikati ya kutibu watu na kukohoa alikuwa anaandika michezo ya kuigiza. Nikasema pole. Sikujua pole yenyewe itanirudia.

Bibi yangu ni mwalimu wa praimari. Mimi shule niliona mlango yake tu, na siku hiyo nilikuwa nafuata ng'ombe. Watu wa kwetu waliuliza mwalimu aliona nini kwa mtu ya miwa. Aliona mdomo. Mimi nikianza kuongea Shirere, mtu wa Khayega anacheka bila kujua anacheka nini. Kwa matanga ndio mimi napewanga maikrofoni, kwa sababu watu wakilia sana wanachoka, na mtu wa kuwachekesha kidogo anasaidia. Siku hizi hata sifungui mdomo. Nikisimama tu, watu wameanza.

Magoti ilipokataa miwa, tulikuja kukaa hapa Shirere. Mimi ni keateka kwa ploti ya wanafunzi. Nafagia, nazibua choo, nafungua maji, nafunga maji, naambia vijana wapunguze muziki. Bibi akaenda kusoma digrii yake likizo kwa likizo, Jumamosi kwa Jumamosi. Shuleni kwake alikuwa amekalia kiti ya mwalimu mkuu kwa muda, kaimu wanaitanga hivyo, na walimwambia wazi: lete digrii kiti ikuwe yako, ukikosa tunaleta kijana mwenye ako nayo. Akamaliza masomo yote ikabaki moja tu, ya huyo Mrusi. Alikuwa ameianguka mara moja. Akianguka tena, hakuna digrii, na kiti inaenda. Mimi nikalala na hiyo maneno kwa kichwa kama mtu amelala na jiwe chini ya godoro.

Jioni akimaliza kusahihisha kazi ya watoto, ananiita.

"Mzee, keti hapa unisikize."

Kitabu ni ya Kizungu, ananigeuzia kwa Kiswahili pole pole. Nasikiza. Kuna watu wako kwa nyumba kubwa mashambani. Wanakunywa chai. Mmoja anasema hapa pamenishinda, nataka kuenda mjini. Wanakunywa chai ingine. Mwingine anasema hata mimi. Nje inanyesha.

"Na halafu?" nauliza.

"Halafu mmoja anapiga gitaa."

"Na halafu?"

"Wananyamaza."

"Mwalimu, hata hiyo kunyamaza imeandikwa?"

"Imeandikwa. Ona hapa. Kimya."

Mimi na kusoma hatusalimiani, lakini nikainama nikaona kweli kuna kaneno kamoja kamekaa peke yake kwa karatasi, kama mtoto amefukuzwa darasani. Nikasema huyu mtu alikuwa mjanja. Sisi wengine tukinyamaza kazini tunaulizwa kama tumelala, yeye anauza kimya kwa kitabu.

"Wanaendanga lini huko mjini?"

"Hawaendi."

"Wote?"

"Wote."

"Sasa Mwalimu, hapo weka fahali. Hapo mahali wananyamaza. Fahali ivunje mlango, iingie na pembe, kikombe zote chini, yule wa gitaa apande juu ya meza. Utaona kama watakosa nauli ya mjini!"

Alicheka. Halafu akaangalia dirisha, na nikajua kicheko imeisha.

"Nilianguka kwa sababu ya fahali kama hiyo," akasema. "Niliandika kwamba mchezo unafunza watu kufanya kazi kwa bidii. Nikaandika mvivu hupotea. Lekchara akaniambia, mama, umeandika mahubiri. Hawa watu hawafunzi mtu kitu. Wamechoka tu, na wewe umekataa kuwaangalia wakichoka."

Nikamwambia hao sio watu wa kuangalia. Mtu ako na shamba kubwa kama Kakamega yote na msitu yake, ako na farasi, ako na mama wa kumpikia, halafu anakaa kwa kiti analia amechoka? Alibeba nini? Mimi kwa maisha yangu sijawahi kusema nimechoka nikiwa nimekaa. Nilisemanga nikiwa nimesimama na mzigo juu, na nilikuwa nasema kama mzaha, ndio wenzangu wacheke tumalize trela. Ukisema kwa ukweli, nani atapakia?

Bibi alifunga kitabu akaenda kukoroga obusuma, ugali yetu, na tulikula kila mtu na yake kwa kichwa.

Sasa mtihani yenyewe ikaletwa, na haikuwa ya kuandika. Lekchara alisema kila mwanafunzi achague kipande ya mchezo moja ya Mrusi, aipange na watu wa nyumbani kwake. Wasikuwe wanafunzi. Wakuwe watu wa kawaida hawajawahi kuigiza, waifanye mbele yake na mbele ya mtahini kutoka mbali. Eti anataka kuona kama hao watu wa theluji wanaweza kuishi kwa matope yetu. Alama zote ziko hapo.

Bibi akachagua kipande fupi. Mzee mwenye shamba amekaa na mama mkongwe mwenye alimlea akiwa mtoto. Wanangoja farasi ya kupeleka wageni. Mzee anasema amechoka. Kimya. Mama anamwambia maneno kidogo ya kumpoza. Kimya. Farasi inasikika nje. Imeisha. Hata kuku hapiti.

"Mzee ni wewe," akaniambia.

"Mimi? Na vile mimi huongea?"

"Sina mtu mwingine. Na usiongeze kitu. Baba watoto, naomba. Usiongeze hata kikohozi."

Kwa mama mkongwe akachukua jirani yetu, yule anauzanga omena, zile dagaa, hapa kwa geti. Tukaenda kufanya mazoezi kwa chumba moja ya ploti yenye haikuwa na mpangaji. Meza moja, viti mbili, kikombe mbili. Bibi akasimama mlangoni na kitabu. Mimi nikakaa. Nikasema, "Nimechoka." Mama wa omena akacheka mpaka chai ikampita kwa pua.

"Nisamehe, Mwalimu! Sio mimi! Ni hiyo uso!"

"Rudia," bibi akasema.

Nikarudia. Safari hii nilishika kiuno. Mama wa omena akalala juu ya meza.

"Mzee, unasema nimechoka kama mtu anauza dawa ya panya sokoni."

"Sasa niseme aje?"

"Sema vile uko."

Hapo ndio alinipata. Vile niko! Mimi sijui kusema vile niko. Nikiangaliwa na mtu, kuna kitu ndani yangu inaamka inavaa tai. Ningekuwa kwa jeneza, na mtu afungue aniangalie, ningemkonyezea jicho. Tulirudia hiyo neno kila jioni, na kila jioni mama wa omena anacheka, na wanafunzi wakaanza kukuja kusimama dirishani na simu zao, na bibi yangu anaendelea kuwa mdogo pale mlangoni. Akaacha kunigombeza. Mwalimu akiacha kukugombeza jua mambo ni mbaya.

Halafu msichana wa mama wa omena akajifungua huko Eldoret, na mama akafunga biashara akaenda kuosha mtoto. Mtihani imekaribia. Bibi akauliza mama mmoja wa kanisa, akakataa, akasema hawezi kuigiza mchezo haina Yesu. Akauliza mwingine, huyo akasema ataigiza kama kuna harusi mwisho. Nikamkuta bibi amekaa juu ya jerikeni ya maji hapo nje, viatu bado za shule, kitabu kwa magoti.

"Nitaita mama," akasema.

"Mama nani?"

"Mama yangu."

Nilicheka. Halafu nikaona hajacheka. Nikakaa chini kwa simiti.

Wewe wa huku unajua. Lakini kwa mwenye hajui, kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hamsalimiani kwa mkono. Hamkuli meza moja. Yeye haingii nyumba yako. Hamuangaliani usoni, hiyo ndio kubwa kabisa. Siku hizi vijana wengine wanakumbatia mama mkwe kanisani na mvua bado inanyesha, sijui, lakini mama mkwe wangu ni wa zamani, na mimi nilifunzwa na wa zamani. Tangu nioe, nikimuona anakuja kwa njia mimi naingia kwa miwa. Nimeingia kwa miwa mara mingi mpaka nyoka za huko zilikuwa zinanisalimia. Sauti yake naijua. Viatu yake naijua. Uso yake, nakuapia, ungeniambia nimchague kwa soko ningekuletea mama ya mtu mwingine.

"Mwalimu, unataka kuniua."

"Nataka digrii," akasema, na hakupandisha sauti.

Mama mkwe alikuja na bodaboda kutoka huko ndani ndani karibu na Khayega, amekaa upande moja, mwavuli imefungwa kama bunduki. Mimi nikasimama nyuma ya tangi ya maji. Hakuingia kwa geti. Alisimama nje akauliza bibi yangu:

"Hii nyumba ni ya nani?"

"Ya mwenye ploti, mama. Anakaanga Nairobi."

"Na baba wa watoto?"

"Yeye anafagia tu."

"Ameweka hapa hata tofali moja?"

"Hata moja, mama."

"Basi sio kwake. Naweza ingia."

Sijawahi kufurahi hivyo kukosa nyumba.

Ndani akatoa masharti, na yote alikuwa anaambia ukuta. Mwambie baba wa watoto kiti yake ikae mbali kidogo na meza. Mwambie chai yangu utanimiminia wewe, yeye asiguse birika. Mwambie maneno ya mchezo nitasema, kwa sababu huyo sio mkwe wangu, ni Mzungu nimemlea. Lakini mwambie simuangalii.

"Mama, ni mchezo tu," bibi akasema.

"Mchezo ni mchezo. Macho ni macho."

Halafu akakalia kiti, akavuta leso ikafunika shavu ya upande wangu, akamwambia msichana wake, "Mimi nataka kukuona na hiyo joho nyeusi na ile kofia ya pembe nne. Nikishaona hiyo, Mungu akitaka aniite, nitakuja. Kabla ya hapo asinisumbue."

Tukaanza. Nikaingia, nikakaa. Huyu mama ako hapo. Mkono yangu ikinyooka inamfikia. Nikaangalia meza. Meza ilikuwa na alama ya sufuria, nikaangalia hiyo alama kama ni ramani ya mbinguni. Maneno ilinijaa mdomo kama obusuma ya moto, huwezi kumeza, huwezi kutema mbele ya watu. Ile kitu ndani yangu inaamkanga ivae tai ilichungulia, ikaona leso ya mama mkwe, ikarudi kulala. Nikasema, "Nimechoka." Ikatoka chini chini, mpaka mimi mwenyewe nikauliza nani ameongea.

Kimya.

Mama anaangalia ukuta. Mimi naangalia meza. Ng'ombe ya jirani ikalia huko mbali. Hakuna mtu alicheka. Nikaona kwa kona ya jicho bibi yangu amefinya kitabu kwa kifua.

"Hivyo," akasema pole pole. "Hivyo hivyo. Msiguse kitu."

Tukarudia mpaka siku ya mtihani, na kila mara mimi nikitoka hapo naenda kuongea na tangi ya maji. Nilikuwa na maneno imebaki. Naiambia hadithi ya trela ilianguka kwa mto tukaivuta na mkia wa ng'ombe moja. Tangi haicheki, lakini haitoki. Sijui kama wewe umewahi kunyamaza kwa nguvu. Inachosha kuliko miwa. Miwa ukifika nyumbani unaiwacha kwa trela. Kimya unakuja nayo kwa kitanda, na inaanza kukuonyesha vitu. Inakuonyesha magoti. Inakuonyesha wenzako mlipakia na wao, wachache wamebaki, wengine tumezika. Inakuonyesha kwa hao tumezika wote ni wewe uliwachekeshea matanga, na hakuna siku ulirudi nyumbani ukakaa tu. Nikaanza kuelewa huyo Mrusi, na sikupenda kumuelewa. Labda yule mzee wa farasi naye alikuwa anachekesha watu miaka yote, akafika kwa hiyo kiti siku mchekeshaji ameisha ndani yake. Nikaambia bibi hivyo.

"Hiyo ndio ningeandika," akasema.

Siku yenyewe ilinyesha ile mvua ya Kakamega ya mchana, ile inaweza kuzamisha ng'ombe akiwa amesimama juu ya mlima. Ukumbi wa chuo ulikuwa na mabati, kwa hivyo tulingoja mvua ipunguze ndio maneno isikike. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameleta watu wa bodaboda, wakaigiza mbele yetu, mmoja akalia machozi ya kweli, wakapigiwa makofi. Nikaona shingo ya bibi yangu inaingia ndani ya kola. Lekchara alikuwa mwanaume mpole, anaandika kidogo kidogo. Mtahini alikuwa mama mwenye miwani, sio wa huku, na hakuwa ameonyesha meno tangu asubuhi.

Tukaitwa. Kulikuwa na ngazi ya kupanda jukwaani. Mama mkwe akapandishwa na bibi yangu, mimi nikafuata nyuma nikishika ukuta. Tukakaa. Watu huko chini walikuwa wengi, na wengine ni wanafunzi wa ploti yetu, wananijua. Nikasikia mmoja ameanza kucheka kabla sijafanya kitu. Nikasema sasa nimemaliza mwanamke wa watu. Atapoteza kiti yake kwa sababu ya uso yangu.

Nikaangalia meza. Nikasema, "Nimechoka."

Yule mwanafunzi alinyamaza katikati ya kicheko, kama mtu amekanyagwa.

Kimya. Mvua ilikuwa imebaki matone tu, moja hapa, moja kule juu ya bati. Ilikuwa sasa mama aseme maneno yake ya kunipoza. Hakusema. Tukangoja. Nikasema amesahau, tumekwisha. Nikaona mkono yake imevuta leso vizuri kwa shavu. Halafu akaambia ukuta, na haikuwa maneno ya Mrusi:

"Najua, baba. Nimeona vile umepanda hiyo ngazi. Hiyo magoti ilianza kuuma mwaka ule mtoto wenu wa kwanza alienda shule. Ulikuwa unapita kwangu ukielekea kwa trela, unaimba. Ukifika kona, unafikiri hakuna mtu, unawacha kuimba, unashika mti."

Mimi nilikuwa nasema huyu mama hajawahi kuniona. Kumbe mimi ndio nilikuwa naingia kwa miwa, yeye alikuwa amebaki njiani na macho yake.

Sasa mimi ningesema nini? Kwa kitabu hapo ni kimya, na nilikuwa na kimya nyingi. Nikakaa nayo. Nikaweka mkono moja kwa goti. Huko nyuma ya pazia kijana akagonga vifuu viwili vya nazi, hiyo ndio farasi. Ikaisha.

Hakuna mtu alipiga makofi. Walikuwa wamekaa tu kama watu wamesahau mikono yao wapi. Mtahini akatoa miwani, akaipangusa, akairudisha. Akaita bibi yangu mbele.

"Hiyo kimya umeipanga vizuri," akasema. "Lakini hawa watu wawili hawajaangaliana hata mara moja. Mama alimlea. Huyu ni kama mtoto wake. Nataka warudie mwisho, na mama akimaliza kuongea, amgeukie, waangaliane. Nione kama unaweza kuongoza waigizaji wako. Hiyo nitaipa alama."

Bibi yangu alisimama. Mimi nilimuona mgongo tu. Sweta yake ya Jumapili, ile ya kijani. Najua huo mgongo, najua ukifikiri unakuwaje. Lekchara alikuwa ameinua kichwa, naye ni wa huku, jina yake inaonyesha, lakini hakufungua mdomo. Ilikuwa ni mtihani ya bibi yangu.

Mimi huku juu nikaanza kutafuta mlango. Nilikuwa nimeamua, akisema ndio, nitaruka hiyo jukwaa na hiyo magoti yangu na nitakimbia mpaka Webuye.

"Hapana," bibi akasema.

"Hapana nini?"

"Hawataangaliana, madam."

"Hii ni mtihani wako."

"Najua. Lakini huyo ni mume wangu, na huyo ni mama yangu mzazi. Kwetu hawaangaliani. Na hata ningekuwa nimechukua watu wengine, nisingewaambia waangaliane. Nimesoma hii michezo miaka miwili, madam. Hao watu wanakaa nyumba moja maisha yote, na kila mtu anaongea na dirisha. Wakiangaliana, mchezo wangu umekuwa mahubiri. Nilishaandika mahubiri nikaanguka. Leo kama ni kuanguka, nianguke bila hiyo."

Mtahini aliandika kitu. Aliandika kwa muda, kama mtu anaandika barua kwa mkwe wake. Halafu akasema, "Asante, mnaweza kuenda." Hakusema vizuri, hakusema vibaya.

Nje tulisimama chini ya paa tukingoja pikipiki ya mama. Mimi nilisimama upande ingine ya nguzo, vile inatakiwa. Nikasikia mama anamwambia:

"Ungeniambia, ningemuangalia."

"Najua, mama."

"Kwa sababu ya ile kofia ningemuangalia. Mungu angenielewa."

"Najua. Ndio maana nilikataa."

Nguzo ilikuwa katikati yetu, na maji inatiririka kwa mfereji, na nilikuwa na mzaha tatu nzuri sana kwa mdomo, mpaka leo nazikumbuka. Nikazimeza zote.

Tukaanza kungoja majibu. Bibi akaenda shule, akarudi, akaenda, akarudi. Kule shuleni huyo kijana mwenye digrii alikuwa ameletwa kuonyeshwa ofisi, akaonyeshwa mpaka droo. Bibi aliniambia hiyo akichambua mboga, kama anaongea juu ya bei ya nyanya. Mimi nilijaribu kumchekesha, nikaona inachukua nguvu yake kucheka, nikaacha. Jioni tukawa tunakaa tu hapo nje ya chumba yetu, yeye na chai yake, mimi na yangu. Wanafunzi wakipita wananiuliza, "Mzee, leo hakuna stori?" Nawaambia stori imeenda Eldoret kuosha mtoto.

Majibu ilikuja kwa simu, Jumamosi, jua ikiwa imeinama. Alikuwa ndio anafika kutoka sokoni, mfuko bado kwa mkono. Simu ikalia kidogo kwa kibeti. Akaitoa, akaiangalia, akaishika mbali na macho, akaiangalia tena. Alama haikuwa ya kutangaza. Alikuwa amepita kwa upana wa unyasi, na mtahini alikuwa ameandika hapo chini maneno yenye bibi alinigeuzia: kwamba muongozaji alikataa agizo, na alama ya agizo hiyo, karibu nusu ya zote, hakupewa, na zile zingine zote alipewa.

"Nimepita," akasema.

Mimi sasa! Nilifungua mdomo na yote ilitoka, yenye ilikuwa imefungiwa. Niliambia ploti yote. Niliambia mama mpya wa omena, niliambia watu wa bodaboda kwa steji, nikawaambia mtahini alilia mpaka miwani ikajaa, nikawaambia Warusi wenyewe wamepiga simu wanauliza huyu mama ni nani. Nikapigia mama mkwe simu, kwa simu hakuna macho, nikamwambia, "Mama, anunuliwe joho." Akasema, "Aaah, baba," na nikasikia ameanza wimbo wa kanisa na hajakata laini.

Nikarudi kwa nyumba nimwambie bibi vile watu wamefurahi. Nilimkuta amekaa kwa kitanda. Viatu bado kwa miguu, mfuko wa nyanya kwa mapaja, mikono zimelala juu ya mfuko.

"Mwalimu! Toka nje, watu wanakungoja!"

Aliniangalia. Uso haikuwa ya furaha, haikuwa ya huzuni.

"Mzee," akasema, "nimechoka."

Nilitaka kuongeza kitu. Nikainama nikamfungua viatu, goti ikilia kama mlango wa kanisa, nikachukua nyanya. Akalala na nguo vile alikuwa. Nikatoka nikaambia watu warudi kwao. Alilala hiyo jioni, akalala usiku, kesho yake Jumapili kengele ikapigwa na wimbo wa kwanza ukaimbwa na wa pili, yeye bado anakoroma, na sikumuamsha.